Jinsi ya Kupiga Picha za Magari ya Kale Dodoma: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Simu na Mwenye Kamera

Picha nyingi za magari ya kale ninazooneshwa, ziwe za maonyesho, za harusi au za mikusanyiko ya Jumapili, zina kasoro zile zile. Gari limepigwa saa saba mchana. Mpiga picha kasimama wima, hatua mbili kutoka kwenye boneti, kwa hiyo taa ya karibu imekuwa kubwa kuliko tairi. Nyuma kuna turubai la buluu na mtu anakula chipsi. Halafu kwenye bampa ya kromu anaonekana mpiga picha mwenyewe, viwiko vimetanuka, simu usoni.

Kisha swali linakuja: ninunue kamera gani? Usinunue kitu kwanza.

Gari la kale lililong'arishwa ni kioo. Rangi yake, madirisha, vifuniko vya rimu na bampa vyote vinarudisha kilicho mbele yake. Ukilielekezea kamera unapiga na anga, udongo, hema la jirani na shati lako, vyote vikiwa vimelala juu ya bati. Anayeangalia gari tu hupata picha ya fujo. Anayeangalia kilichomo ndani ya rangi ya gari ndiye anayetoka na picha. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

## Vifaa vya kuandaa

- Simu yenye kamera inayoweza kuvuta mara 2, au kamera yoyote yenye lenzi ya kati. Kwa kamera za sensa kubwa, lenzi ya milimita 50 hadi 85 inatosha kwa kazi karibu yote.
- Kichungi cha polaraizi, yaani kioo cha kufunga mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao. Mwenye simu anaweza kutumia miwani ya jua ya polaraizi kwa kuiweka mbele ya lenzi na kuizungusha taratibu.
- Shati au fulana ya rangi nyeusi au kijivu iliyokolea, isiyo na maandishi. Sababu utaiona hatua ya tano.
- Kitambaa laini cha lenzi, brashi ndogo na pampu ya mkono ya kupulizia vumbi.
- Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa choroko au mchele, wa kulaza kamera chini. Upepo wa Dodoma huyumbisha stendi nyepesi, lakini mfuko wa choroko hauna habari nao.
- Begi linalofungwa kwa zipu, pawabanki, maji ya kunywa na kofia.
- Kipande cha mkeka au boksi la kupigia magoti. Utashuka chini mara nyingi, na kokoto za huku hazina huruma.

Lenzi pana sana hazimo kwenye orodha kwa makusudi. Zikibaki nyumbani, kishawishi kinabaki nazo.

## Hatua ya 1: Fuata jua, usifuate ratiba

Ratiba ya maonyesho hupangwa kwa ajili ya mgeni rasmi. Ratiba yako ipangwe na jua.

Dodoma jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja kasoro dakika kumi asubuhi kulingana na mwezi, na huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Mwanga unaofaa kwa gari ni ule wa kuanzia kuchomoza hadi saa mbili na nusu hivi, na wa kuanzia saa kumi na moja jioni. Wakati huo jua liko chini, linaingia ubavuni mwa gari na kuchora kila mkunjo wa bati.

Jua hufika juu kabisa karibu na saa sita na nusu mchana. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini hasa. Siku hizo, mchana, paa na boneti huungua kwa weupe na tairi huzama gizani. Hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia kilichopotea.

Katikati ya mwaka kuna nafuu kidogo. Juni, Julai na Agosti jua la mchana huegemea kaskazini, kwa hiyo gari lililoegeshwa uso ukiwa kaskazini hupata mwanga wa mbele hata saa sita. Desemba ni kinyume chake: jua huegemea kusini. Kama una rafiki kwenye kamati ya maandalizi, mwambie mapema kuhusu mwelekeo wa maegesho. Haigharimu kitu, na wapiga picha wote watafaidika.

Anayetoka Dar es Salaam akitegemea treni ya asubuhi ya siku hiyo hiyo atafika mwanga mzuri umeshaondoka. Njoo jana yake, ulale.

Utajua umefanikiwa ikiwa: unafika uwanjani wenye magari bado wanafuta vumbi, na kivuli cha gari ni kirefu kuliko gari lenyewe.

## Hatua ya 2: Salimia kabla ya kutoa kamera

Wenye magari haya wengi ni watu wazima, na gari ni jasho la miaka. Ukianza kupiga kabla ya salamu, utapata picha tatu na kununiwa. Ukianza na "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama", ukasubiri marahaba, ukauliza hali na kulisifia gari kwa jambo mahususi, utafunguliwa boneti bila kuomba. Ukijua kusema "Mbukwenyi" kwa kundi la Wagogo waliokaa kivulini, umeshaingia.

Kuna swali moja la kukwepa mwanzoni: "Injini ni ile ile?" Land Rover nyingi za zamani zimewahi kufungwa injini za magari mengine kwa sababu ya shida ya spea au gharama ya mafuta, na wapo wanaolichukulia swali hilo kama dharau. Uliza badala yake: "Mzee, spea za gari hili unazipata wapi siku hizi?" Hapo atakueleza yote, pamoja na habari za injini. Mimi naona sehemu tamu zaidi ya maonyesho ni mazungumzo haya, na anayekimbilia gari linalofuata anaondoka na nusu ya siku.

Katika mazungumzo omba mambo matatu: ruhusa ya kupiga, ruhusa ya kupiga ndani, na kama gari linaweza kusogezwa kidogo au tairi za mbele kukatwa upande. Omba yeye afanye. Magari haya mengi hayana pawa stelingi, na kuuzungusha usukani kwa nguvu gari likiwa limesimama huumiza viungo vya stelingi ambavyo spea yake ni ya kutafuta kwa tochi.

Tahadhari: usiegemee gari, usiweke begi juu ya boneti, na usifute vumbi kwa kiganja wala kwa kitambaa kikavu. Vumbi la huku lina chembe za mchanga, na mchanga ukiburuzwa juu ya rangi huacha mikwaruzo inayoonekana jua likipiga. Mwenye gari ana namna yake ya kulifuta. Mwachie.

## Hatua ya 3: Zunguka mara moja mikono mitupu

Weka kamera begini, ulizunguke gari lote. Unatafuta kitu kimoja: ni upande gani unaolitambulisha gari hili hata likifichwa nembo? Huo ndio upande wa picha yako kubwa, na kila gari lina wake.

Land Rover za Series. Angalia taa za mbele. Zikiwa zimekaa katikati karibu na grili, ni ya miaka ya mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 zilihamishiwa kwenye madigadi. Series III, iliyoanza 1971, ina grili ya plastiki, na saa za dashibodi zimewekwa mbele ya dereva badala ya katikati. Kwa hiyo uso ndio utambulisho, na gari hili ni mojawapo ya machache yanayopendeza yakipigwa mbele moja kwa moja. Bodi yake ni ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma, paneli zake ni bapa na rangi mara nyingi imefifia, hivyo taswira za vitu vinavyorudishwa na rangi hazisumbui sana. Anza nalo kama unajifunza.

Volkswagen Beetle. Nenda nyuma. Kioo cha nyuma kilichogawanywa vipande viwili ni cha kabla ya 1953, cha umbo la yai ni cha 1953 hadi 1957, na baada ya hapo kikawa kikubwa cha pembe nne. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haina radieta, na mlio wake unaujua hata kabla gari halijakata kona. Kwa sababu mwili wote ni duara, Beetle hubeba anga zima juu yake. Ni gari gumu kupiga kuliko linavyoonekana.

Peugeot 404 na 504. 404 ilitengenezwa kuanzia 1960 na uzuri wake uko kwenye mapezi ya nyuma, basi simama kwenye kona ya nyuma. Ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Mgusie mwenye gari jambo hilo, halafu vuta kiti. 504, iliyoanza 1968, hutambulika kwa taa za mbele zilizokatwa pembe na buti linalovunjika kwa mkunjo. Mkunjo huo huonekana tu kwa mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni.

Morris Minor. Zile za kabla ya 1961 zina mikono midogo ya kuonesha kona inayochomoka kwenye nguzo ya mlango. Mwombe mwenye gari auwashe. Picha ya mkono huo ukiwa nje inazidi picha ishirini za grili.

Kwa Mercedes-Benz za W123 zilizoanza 1976, na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, kona ya mbele inatosha. Ni magari yanayosema yenyewe.

Usitegemee namba ya usajili kujua umri. Namba inaonesha gari lilisajiliwa lini, haisemi lilitoka kiwandani lini. Muulize mwenyewe, au angalia kibati cha chesisi. Kibati hicho usikipige kwa ajili ya mtandao, maana namba za chesisi ni mali ya matapeli zikishasambaa.

## Hatua ya 4: Rudi nyuma, kisha shuka chini

Hapa ndipo wengi huanguka, na ndipo panaporekebishika haraka kuliko popote.

Simama kwenye kona ya mbele ya gari, uone uso na ubavu kwa pamoja. Rudi nyuma hatua nane hadi kumi. Vuta simu mara 2, au tumia lenzi ya milimita 50 kwenda juu. Sasa piga goti, lenzi iwe kwenye kimo cha taa za mbele.

Sababu ni umbali. Ukiwa karibu, sehemu iliyo mbele yako huwa kubwa mno na ya nyuma husinyaa, na gari la mzee wa watu linageuka katuni. Ukirudi nyuma, vipimo vinakaa kama fundi alivyovichora. Kushuka kuna faida nyingine: gari hupanda juu ya upeo wa macho na kuonekana na uzito wake, na vichwa vya watu walio nyuma hufichwa na bodi.

Mwombe mwenye gari akate tairi za mbele ili uso wa rimu ukuangalie wewe. Ukiona mpira mtupu badala ya rimu, zimekatwa upande usiofaa.

Kisha kagua nyuma ya gari kabla ya kubonyeza. Nguzo ya umeme inayoota juu ya paa, mtungi wa maji, pikipiki ya bodaboda. Mara nyingi hatua moja kushoto inaondoa vyote.

Utajua umefanikiwa ikiwa: taa mbili za mbele zinakaribiana ukubwa, unaona nafasi ya ardhi chini ya gari hadi upande wa pili, na mstari wa paa haukatwi na kitu.

## Hatua ya 5: Soma kilichomo ndani ya rangi

Ukiwa umepiga goti, sahau gari kwa dakika moja. Angalia milango kana kwamba ni madirisha. Unaona nini ndani yake?

Kwenye uwanja wa maonyesho jibu huwa ni hema jeupe, gari jekundu la jirani na miguu ya watu. Hivyo vyote vitakuwemo kwenye picha. Una njia nne za kuviondoa, na uzijaribu kwa mpangilio huu.

Kwanza, hama. Sentimita thelathini kushoto, kulia, juu au chini hubadilisha kabisa taswira iliyoko ubavuni. Sogea polepole ukiangalia mlango, na simama pale unapoona mstari mmoja safi: anga juu, ardhi chini, na mpaka kati yao ukipita sawasawa kuanzia digadi hadi buti. Mstari huo ndio unaochora umbo la gari. Ukivunjwavunjwa, umbo linapotea.

Pili, subiri. Watu hupita. Mwenye pikipiki ataondoka.

Tatu, jifiche. Kwenye kromu hutaweza kutokuonekana kabisa, lakini mtu mwenye shati jeusi aliye mbali hugeuka nukta, wakati mwenye fulana ya njano au jezi ya timu yake huonekana kwenye kila kifuniko cha rimu. Kwa picha za karibu za bampa, simama pembeni badala ya mbele, ukate ziada baadaye.

Nne, kichungi cha polaraizi. Kizungushe ukiangalia kioo cha mbele na boneti. Utaona mng'ao unafifia na dashibodi inajitokeza. Hufanya kazi vizuri zaidi ukiwa umesimama kiupande, si ukikabili kioo uso kwa uso. Kwa kromu hakisaidii, kwa sababu mng'ao unaotoka kwenye chuma kitupu haukatwi na polaraizi. Pia hula mwanga mwingi, kwa hiyo jioni kitoe. Na ukiona mabaka meusi au ya zambarau kwenye vioo, zungusha tena kidogo: ni alama za namna kioo kilivyopozwa haraka kiwandani ili kiwe kigumu, na polaraizi huzifichua.

Usifute mng'ao wote. Gari lisilo na mng'ao wowote linaonekana la plastiki. Bakiza mstari wa anga kwenye bega la gari.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo miongozo ya mbali haigusi. Udongo mwekundu wa Dodoma hurudisha wekundu wake kwenye nusu ya chini ya milango, na kwenye gari jeupe au la rangi ya maziwa huonekana waziwazi. Usiupige vita. Gari limesimama juu ya udongo mwekundu, na picha iseme hivyo. Ila kama rangi ya gari yenyewe ni ya kutunza, mathalani kijivu cha asili cha kiwandani, egesha juu ya lami au saruji.

## Hatua ya 6: Dhibiti mwanga mwenyewe

Kamera hudhani kila kitu ni kijivu. Land Rover nyeupe itaifanya ya majivu, na Mercedes nyeusi itaifanya ya mkaa uliofifia. Gari jeupe likijaza fremu, ongeza mwanga kati ya 0.7 na 1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera. Gari jeusi, punguza kiasi hicho hicho. Kwenye simu, gusa mlango wa gari, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha telezesha kidole juu au chini.

Kwa kamera, anza na f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 au 200 wakati wa asubuhi. Kwa f/8 gari lote, kuanzia bampa hadi buti, huwa kali. Wapo wanaopenda kufifisha nyuma kwa f/1.8, lakini kwa gari zima matokeo yake ni taa moja kali na nembo yenye ukungu. Iache kwa vipande vidogo.

Nyota za mwanga kwenye kromu zitaungua tu. Usizifukuze kwa kulizamisha gari lote gizani. Kinachotakiwa kubaki na rangi yake ni boneti na paa. Hivyo vikiwa salama, songa mbele. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalirekebisha, kama kamera au simu yako inaruhusu.

Tahadhari: simu iliyoachwa juani huku hupata joto, skrini hufifia na wakati mwingine kamera hujifunga yenyewe. Kati ya gari na gari, irudishe begini. Lenzi usibadilishe upepo ukivuma. Ingia ndani ya gari au jengo, au geuka mgongo kwa upepo na mdomo wa kamera uwe chini.

## Hatua ya 7: Mchana ingia ndani

Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, acha kuhangaika na gari zima. Ni saa za vipande, za usukani na za boneti iliyofunguliwa.

Fungua mlango wa upande ulio kivulini, kaa kiti cha nyuma ukiruhusiwa, na piga dashibodi kwa mwanga unaoingia kupitia kioo cha mbele. Tafuta alama za matumizi: rangi iliyolika pale kidole gumba kinaposhika usukani, kanyagio za klachi zilizosagika, redio ya vitufe viwili vya kuzungusha. Spidomita za magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960 zinahesabu maili. Kwenye 404 kijiti cha gia kiko kwenye shingo ya usukani. Hakikisha kinaonekana, maana vijana wengi hawajawahi kukiona.

Flashi ya simu izime. Inarudi moja kwa moja kutoka kwenye vioo vya saa na kuacha doa jeupe. Kama ndani ni giza, mtu ashike karatasi nyeupe nje ya mlango ili iingize mwanga wa jua kwa upole.

Injini nayo ina siku yake. Kivuli cha boneti kinasaidia, ila kamba ya kamera ivue kabla ya kuinama. Kamba, feni na mkanda unaozunguka havipatani. Mwombe mwenye gari aliwashe mara moja, urekodi sauti. Choki na kanyagio ni zake, usiguse.

Ndani ya ukumbi wenye taa za LED, tumia kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kasi nyingine zinaweza kukuletea michirizi.

## Hatua ya 8: Gari likitembea

Gari la kale lililosimama tu ni nusu ya habari. Msafara ukitoka uwanjani, uwe umeshatangulia barabarani.

Kwenye barabara ya vumbi, simama upande wa mashariki. Kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi litakwenda mbali nawe, na asubuhi jua litakuwa mgongoni. Ukisimama magharibi utakula vumbi na picha utakosa. Jioni mambo hugeuka: jua litakuwa nyuma ya vumbi, na vumbi litawaka rangi ya dhahabu. Bado simama mashariki, lakini pima mwanga kwa kugusa vumbi lenyewe, gari liwe jeusi kiasi.

Kwa picha ya tairi zinazozunguka na nyuma iliyovutika, weka shata 1/60 kwa gari linalokwenda kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Panda miguu imara, fuata gari kwa kiuno tangu likiwa mbali, bonyeza likiwa mbele yako, na endelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Wengi husimamisha mwili wanapobonyeza, na hapo ndipo picha inapoyumba. Piga mfululizo. Nyingi zitaharibika hata kwa mzoefu.

Tahadhari: usisimame nje ya kona, na usichuchumae barabarani kusubiri gari. Breki za ngoma za miaka ya 1950 hazisimami kama za gari lako, na kwenye kokoto hazisimami kabisa.

## Hatua ya 9: Mwalike mwenye gari nje ya uwanja

Ukielewana na mmoja, omba nusu saa ya jioni. Mawe makubwa ya granaiti, mibuyu, barabara za mashamba ya zabibu za Hombolo au Mpunguzi: mandhari hii hakuna atakayeidhania kuwa ya Ulaya. Weka gari mbali na jiwe au mbuyu, hatua ishirini hivi, ili mti uonekane mzima na usiote kwenye paa. Shamba ni la mtu, kwa hiyo omba na huko.

Usipange kupigia mbele ya Bunge, Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi au uwanja wa ndege. Hata nia ikiwa njema, utapoteza jioni ukijieleza. Droni zinahitaji vibali kabla ya kurushwa, basi isiingie kwenye mipango ya papo kwa papo.

Na tafadhali, usimlaze mtu juu ya boneti. Vifungo vya jinzi vinakwaruza, na bati hubonyea.

## Hatua ya 10: Chagua, rekebisha, rudisha

Usiku huo huo hamishia picha sehemu mbili. Kisha chagua chache kwa kila gari: moja ya gari zima, moja ya upande unaolitambulisha, vipande viwili vitatu, na moja ya mwenye gari akiwa nalo.

Marekebisho yawe machache. Nyoosha picha kwa kufuata mstari wa chini ya milango. Kata ziada. Inua vivuli kidogo ili tairi zionekane. Usiongeze ukali wa rangi hadi udongo uwe rangi ya soda ya chungwa, na ule mtindo wa kuacha gari jekundu huku vingine vyote vikiwa vyeusi na vyeupe, tuuache ulikotoka.

Picha za mwenye gari zitume kwanza kwake. Kwa WhatsApp, tuma kama faili, kwa kuwa ikitumwa kama picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, na akienda kuichapisha ukubwa wa A4 itatoka na chembechembe. Umuulize katika ujumbe huo huo kama namba ya gari ibaki au ifichwe, na kama sura yake iwekwe mtandaoni. Akitaka ifichwe, ifunike kwa rangi ya kibao chenyewe, siyo kwa ukungu mzito unaovuta macho. Asipojibu, subiri, na kwa sasa weka zile za usukani na mapezi ya nyuma.